Lieni Kwanza Langoni

Majina yote ninayo. Jina la kanisani, jina la nyumbani, hata lile la utani ambalo mwenyewe hapendi kuitwa mbele ya wakwe. Goti langu halikunji siku hizi na macho yanaona nusu, lakini nitajie boma lolote kutoka barabarani mpaka ufuoni hapa upande wa Asembo, nami nitakwambia nani alizaliwa pale, nani aliolewa wapi, na nani amelala katika udongo wake. Hapa lakini sitaandika hata moja. Chuo ndicho kilichotuzoesha hivyo: jina linabaki nyumbani, nambari kwenye karatasi ndiyo inayopanda gari kwenda Kisumu. Nimeishi na sheria hiyo miaka mingi, siwezi kuivunja uzeeni.

Na Kiswahili changu msikicheke. Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Hiki nilikiokota Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wakati mume wangu alipokuwa akipiga nyundo kwenye njia ya treni na majirani zetu walikuwa watu wa kila kabila. Alipokufa nikarudi hapa ziwani na watoto, nikaanika omena, dagaa wa ziwa letu, kama wanawake wengine, na Kiswahili nikakiweka kando kama koti la mjini. Sikujua kwamba siku moja kingekuwa lugha pekee ninayoweza kusemea jambo hili.

Chuo kilianza kwetu kikiwa kidogo sana. Ilikuwa katika miaka ya themanini. Chuo kikuu kilikuwa na shule yake ya afya ya umma, na shule hiyo ilitaka kujua kwa nini watoto wa huku ziwani wanakufa kabla hawajafika umri wa kuchunga mbuzi. Akaja mwalimu mmoja, mwanamume mrefu asiyejua neno la Kijaluo, pamoja na wanafunzi wachache na landrova moja iliyochoka. Walilala kwenye madarasa ya shule ya msingi watoto wakiwa likizoni. Mchana walitembea boma kwa boma wakitoboa watoto kidole na kupaka tone la damu kwenye kipande cha kioo. Jioni mwalimu aliweka hadubini dirishani, ile mashine ya kutazamia damu, akaielekeza ishike mwanga wa jua, akatazama kioo kimoja baada ya kingine. Stima haikuwepo. Jua likizama, kazi nayo imezama.

Watu wakawaita Watu wa Damu. "Watu wa Damu wameingia kwa fulani," wanawake waliambiana ufuoni, na watoto wakakimbilia ndani ya mtama. Wengine walisema ni kachinja, ati damu inauzwa Nairobi kwa chupa. Mimi sikuamini, kwa sababu mbu wa kwetu anakunywa zaidi ya lile tone na hajawahi kutajirika.

Kitinda mimba wangu, binti, alikuwa amemaliza kidato cha nne na anakaa tu, akinisaidia kugeuza omena. Mwalimu alitaka mtu wa kuwatafsiria, akamchukua. Ndivyo tulivyojuana nao. Jioni wangepita kwangu kuuliza huyu ni mtoto wa nani, na yule mbona ana majina matatu, nami ningewapangia huku nikipepeta.

Sasa, kazi yao nyingine ilikuwa kuuliza juu ya kila mtoto aliyekufa. Alianza kuumwa vipi, alipewa nini, alipelekwa wapi. Wengi hawakuwa wamefika hospitali, kwa hivyo hakuna daktari wa kuulizwa. Anaulizwa yule aliyekuwa na mtoto mikononi. Jirani yangu mmoja akafiwa na mtoto wa kunyonya. Tulikuwa tumezika jana yake, wanawake bado tumekaa chini kwenye majani, wakati landrova iliposimama langoni. Wakashuka wanafunzi watatu, wakajipangusa viatu, wakaja wakitabasamu na mikono mbele.

"Habari za asubuhi, kina mama."

Kwetu boma lenye msiba haliingiwi hivyo. Unaanza kulia ungali nje ya lango, kwa sauti yako yote. Unamwita aliyekwenda kwa jina. Unaingia mbio mpaka mlangoni kwa wafiwa, na hapo ndipo unanyamaza, unaketi, unapewa mkono. Hata kama hukumjua. Hata kama una haraka. Anayeingia kimya, tena meno nje, huyo anajua kifo kilitoka wapi.

Mke mwenzangu mkubwa, aliyebaki hapa nyumbani mimi na mume wetu tulipokuwa Nakuru, na aliyekuwa na mdomo kuliko sisi sote, akasimama. "Nyinyi mmekuja kununua ng'ombe?"

"Hapana, Mama. Tumekuja kuuliza maswali kidogo tu kuhusu mtoto."

"Kuuliza? Mwenye kumla ndiye anakuja kuuliza alikuwa na ladha gani?"

Hapo hapo madongoa yakaanza kuruka. Landrova ilirudi nyuma mpaka barabarani bila kugeuka. Tangu siku hiyo kila lango lilifungwa. Akina mama walificha hata watoto wazima.

Mwalimu alikuja kwangu kuaga. Alikuwa ameshafunga vitu. Binti yangu akamwambia, mimi nikisikia, "Mwalimu, shida si maswali. Ni kwamba hawakulia."

"Hawakulia vipi?"

"Hawakulia langoni."

Mwalimu aliigeuza kofia yake mkononi. Kisha akaniangalia mimi. "Mama, hiyo inafundishwa?"

Ndiyo ikawa somo la kwanza la chuo kile katika boma langu. Mwalimu alienda kwanza kwa yule jirani na kuku na maneno ya kuomba radhi. Kisha wanafunzi wote wakaletwa kwangu alasiri moja, na mke mwenzangu mkubwa akakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, ugoro mkononi, kama hakimu.

"Toka nje kabisa. Mbali! Nani amekwambia kilio kinaanzia mlangoni?"

Kijana mmoja mwembamba, mtu wa Ukambani, akaja na kisauti.

"Wewe, hiyo ni kilio ama unaita kuku? Rudi."

Akarudi. Akajaribu tena.

"Sasa hiyo ni mbuzi. Lakini mbuzi ni afadhali. Rudi."

Tulicheka mpaka leso zikatudondoka. Kulikuwa na msichana mmoja mnene, mpole, sijui alikumbuka nini kule langoni, akaja akilia kilio kamili, machozi yanashuka mpaka shingoni. Mke mwenzangu akaacha kucheka. "Huyu ana mtu wake," akasema. "Mpeni uji." Kisha akamgeukia mwalimu. "Na wewe mkubwa wao? Ama kwenu hakufi mtu?"

Mwalimu akavua kofia, akaenda nje, akapiga "Uuuwi!" moja nzito, nzito kabisa, na majirani wakatoka mbio na fimbo wakiuliza nani amekufa. Ilibidi tuwape chai.

Tangu hapo kazi ilifanyika kwa utaratibu mwingine. Hakuna kwenda kuuliza kabla msiba haujapoa. Ukifika, unalia kwanza langoni. Unaketi. Unakunywa unachopewa. Ukiambiwa mengine, unasikiliza mengine. Ndipo unauliza, na unamuuliza yule aliyekuwepo, wala humuulizi mtu wa damu yako. Kila wanafunzi wapya walipokuja, walianzia kwangu, na mke mwenzangu alizidi kuwa mkali. Akawa na jina huko Kisumu, ati Profesa wa Kilio. Alipoambiwa alitema ugoro, akasema basi wamwongezee sukari.

Na chuo kikaota. Kutoka madarasa ya kuazima walihamia ghala la pamba la zamani pale sokoni, wakaweka friji ya mafuta taa. Kisha wakajenga nyumba ndefu ya mabati, na darasa ndani yake, na taa za jua juu ya paa. Wanafunzi wakawa wanakuja wa nchi nzima, hata wazungu na wahindi, na wote wakipita kwangu kupiga uuuwi. Binti yangu aliosha vioo vya damu, kisha akafundishwa kuvitazama, kisha akawa anawaonyesha wengine: hiki ni kijidudu, hiki ni uchafu. Mwalimu akasema sasa ni lazima aende Kisumu, asome kozi yenyewe mpaka apate cheti cha chuo. Angekuwa wa kwanza kutoka ufuo wetu.

Lakini alikuwa na mtoto. Mvulana. Baba yake alikuwa mtu wa magari ya samaki, akaenda na magari ya samaki. Mtoto alikuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta.

"Mama, nitamwachaje?"

"Utamwacha na mimi. Nimelea wangapi?"

"Ananyonya."

"Ataacha. Hata wewe uliacha."

Akaenda. Alipanga chumba Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, na mwisho wa mwezi alikuja na mkate mkubwa chini ya kwapa. Mtoto alikua miguuni pangu, kati ya omena na kuku. Akaanza kusema mapema, na maneno yake hayakuisha. Mimi aliniita Mama. Binti yangu kwake alikuwa Mama Kisumu.

"Na mimi ni nani?" binti angemuuliza, amechuchumaa.

"Mama Kisumu."

"Na huyu mzee?"

"Mama."

"Haya, basi Mama Kisumu arudi na mkate wake?"

Mtoto angeutazama mkate, amtazame mama yake. "Mkate ibaki."

Tulicheka. Lakini niliona jinsi binti yangu alivyokuwa akigeukia upande wa ziwa akicheka.

Alibakiza muda kidogo tu amalize kozi. Ilikuwa mvua ya mwezi wa nne, njia zote matope, mbu kama moshi. Homa ilimshika mtoto asubuhi. Nikampeleka dispensari siku hiyo hiyo, akapewa zile tembe chungu nyeupe ambazo tulikunywa sisi sote na kupona. Nikazisaga na sukari. Homa ikashuka, akala uji, akafukuza kuku. Kisha ikarudi. Nikarudi dispensari, nikapewa zile zile. Zilikuwa zimechoka, dawa zile; homa ilikuwa imeshazizoea. Siku hizo hatukujua. Tulidhani ni sisi hatujazinywesha sawasawa. Ilipopanda mara ya tatu, macho yake yalikuwa yamepauka, viganja vyeupe kama chapati mbichi. Nikamfunga mgongoni, nikaenda mpaka nyumba ya chuo, na dereva hakuuliza swali. Akatupeleka hospitali ya misheni.

Nesi alifungua kope la mtoto, akalifunga. "Mama, mtoto ameishiwa na damu. Lazima aongezwe. Na friji yetu haina kitu."

Yule dereva alisikia. Akasema ataifuata damu Kisumu, na atapita chuoni amchukue mama wa mtoto. Nesi akamwandikia karatasi ya kuombea damu. Landrova ikaondoka ikirusha matope.

Ikarudi mchana. Binti yangu alikuwa amekaa mbele, na sanduku la barafu amelipakata magotini, amelikumbatia kwa mikono miwili kama unavyombeba mtoto garini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa wodi, mikono mitupu. Aliona mikono yangu.

Hakulia. Alishuka, akaingia na lile sanduku, akampa nesi. Akasema kwa sauti ya kazi, "Ni ile inayoweza kupewa mtu yeyote. Nani mwingine anaihitaji?" Kulikuwa na msichana mdogo kitanda cha pili, mama yake ameinamisha kichwa kwenye shuka. Binti yangu alisimama pale akatazama mpaka damu ikaanza kushuka kwenye mpira. Ndipo akaja kwangu, akasema, "Yuko wapi?"

Tulimzika karibu na nyumba, upande wa mashariki. Watu walikuja wengi, wakilia kutoka barabarani. Mama wa mtoto alikaa kwenye majani, akapokea mikono, akaitikia. Macho makavu. Kwetu hilo halipiti bila kusemwa. Mwenye mtoto akiwa mbali na mauti yakatokea, analia kutoka langoni kuliko wote, anaviringika chini, watu wanamshika. Yeye alikuja katika gari moja na maiti ya mwanawe, akaingia akitembea. Wanawake walinong'ona kwenye sufuria. "Chuo kimemkausha." "Ameona wengi, huyo. Wake ameongezeka tu." Mke mwenzangu mkubwa akawaambia wafunge midomo wapike. Lakini usoni kwake niliona kwamba hata yeye ameogopa.

Msiba ulipopoa, chuo kilikuja kuuliza. Nilijua watakuja. Mtoto wa kwetu alikuwa na nambari kwenye daftari lao kama watoto wengine. Nilikuwa nachagua mtama nikasikia langoni, "Uuuwi!" ile ya mbuzi. Alikuwa yule yule mwembamba wa Ukambani, sasa ameshakuwa mkubwa wa wenzake. Alikuja analia na kumwita mtoto wetu kwa jina, na sauti yake ilikuwa mbaya kama siku ya kwanza. Nikampa kiti. Nikampa uji. Akaunywa wote.

Binti yangu alikuwa mlangoni. Alizijua sheria kuliko sisi; nyingine alizitunga yeye. Anayeulizwa ni yule aliyekuwepo. Aliyekuwepo ni mimi. Akachukua sufuria chafu, akaenda nyuma ya nyumba, na punde nikasikia mchanga ukisugua.

Mtafsiri wa chuo kwa Kijaluo alikuwa ni yeye. Kwa hivyo yule kijana akaniambia, "Mama, tuseme kwa Kiswahili?" Nikakubali. Nikamwambia yote. Homa, tembe, sukari, homa, tembe. Viganja. Naye akiandika. Akauliza, "Alikuwa na fahamu mpaka mwisho?"

"Alikuwa nayo."

"Aliweza kusema?"

"Alisema."

Karatasi yake haikuuliza zaidi ya hapo. Lakini mimi nikaendelea. Kwa Kijaluo nisingeweza, ningekatika katikati. Kiswahili ni lugha ya majirani, unaweza kuisema kama jambo la mtu mwingine. Nikamwambia kwamba landrova ilipoondoka mtoto alifungua macho. Alinitazama, lakini hakuniita. Akasema, "Mama Kisumu anakuja?" Nikamwambia yuko njiani. Akasema, "Na mkate?" Nikasema na mkate. Akatulia, akaelekeza uso mlangoni. Kila mtu alipoingia aliinua kichwa. Nesi akiingia, anainua. Mfagiaji akiingia, anainua. Alikuwa anangoja mpaka hakuinua tena.

Kijana akaweka kifuniko kwenye kalamu. Tukakaa tukisikiliza mchanga ukisugua sufuria, sufuria ambayo ilikuwa imeng'aa zamani.

Baada ya hapo nilikuwa na maneno ya mtoto mdomoni, maneno yaliyokuwa mali ya mama yake, si yangu, na sikujua nitampaje. Nilijaribu. Ningesema, "Siku ile hospitalini..." naye angesema, "Mama, maji yamechemka." Jina la mtoto lingenitoka kwa bahati mbaya, naye angetoka nje. Kwetu hatumpi mtoto mwingine jina la aliyekufa mchanga, kwa hivyo jina lile halikuwa na mahali pa kwenda. Lilikaa kati yetu wawili, na yeye hakulitaja.

Kisumu hakurudi. Alisema, "Siendi tena kuuliza watu. Nitauliza nini?" Mwalimu alikuja, nywele zimeanza kuwa nyeupe, akalia langoni ile nzito yake, akaketi, akanywa chai. Hakutaja kozi hata kidogo. Nilimheshimu.

Aliyemrudisha ni mwanamke wa boma la juu. Alifiwa na pacha mmoja, na wanafunzi walipomwendea akawaambia, "Sitaki nyinyi. Leteni yule aliyezika." Mara mbili walirudi, jibu ni hilo. Binti yangu alisikia akiwa kwenye omena. Akanawa mikono, akavaa viatu. Alirudi jioni, na kesho yake alikunja nguo zake, akaniomba yule mfuko wa zamani.

Akamaliza kozi. Chuo kikamchukua kufundisha. Na katika maboma yote yaliyoulizwa jibu lilikuja lile lile: tulimpa tembe, akapoa, homa ikarudi, tukampa tena. Jibu langu lilikuwa humo pamoja na ya wenzangu. Mwisho zile tembe nyeupe zikaachwa, zikaja nyingine. Watoto wa leo hawazijui. Huwatazama wakifukuza kuku.

Alikuwa akija kwangu kila mwisho wa mwezi, na mkate. Alikuwa mwema kwangu. Aliniletea blanketi, akanitafutia dawa ya goti. Lakini alikuwa kama nyumba ambayo chumba kimoja kimepigwa misumari. Miaka ikapita hivyo. Mke mwenzangu mkubwa akafa, na chuo kizima kikaja kumlilia, landrova mpya na basi, wote wakilia kutoka barabarani, na watu wa kwetu wakasema hapajawahi kuwa na kilio kama hicho. Binti yangu aliwapanga langoni. Yeye alisimama kando, macho makavu.

Kiti cha kufundishia nikakirithi mimi.

Wakati huo, mwisho mwisho wa miaka ya tisini, chuo kilikuwa na wanafunzi wengi kuliko uwanja wangu. Binti yangu alibuni zoezi. Baada ya kulia langoni, mwanafunzi mmoja angekaa mbele yangu aniulize, na mimi nijifanye nimefiwa. Wenzake wanatazama. "Mama, utasema juu ya mtoto wa kubuni tu," aliniambia. "Msichana, sema ni msichana. Kifua, sema ni kifua." Na kwenye karatasi yao alikuwa ameongeza swali moja la mwisho, lake mwenyewe, ambalo wakubwa wa chuo walilikubali: Kuna lingine ungependa tujue?

Siku moja aliyekaa mbele yangu alikuwa binti mdogo, mgeni kabisa ziwani, jasho juu ya mdomo. Alilia vizuri langoni. Akaketi. Aliuliza kwa Kiswahili, taratibu, nami nikamjibu vizuri juu ya msichana wangu wa kubuni na kifua chake. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na ghala, mikono nyuma, akiitikia kwa kichwa: sawa, endelea.

"Mama," akasema yule mwanafunzi, "kuna lingine ungependa tujue?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Ndivyo tulivyokuwa tumepanga. Lakini alikuwa ameinama kidogo, anangoja kweli, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza.

"Alimuulizia mama yake," nikasema.

Mwanafunzi akatazama karatasi, akanitazama. "Mama yake si wewe?"

"Mimi nilikuwa Mama. Yeye alikuwa Mama Kisumu. Alisema, Mama Kisumu anakuja? Nikamwambia yuko njiani. Akauliza mkate. Nikasema na mkate. Akageuka akatazama mlango. Kila aliyeingia, aliinua kichwa. Alikuwa hana uchungu tena. Alikuwa anamngoja tu. Nataka ajue alikuwa anamngoja."

Sikuinua uso. Nilitazama viatu vya yule mwanafunzi, vimejaa tope letu. Nikasikia hatua za binti yangu zikipita nyuma yangu, taratibu, zikielekea langoni, zikatoka nje mpaka njiani. Wanafunzi walimfuata kwa macho. Nikadhani anaenda barabarani, anaenda zake Kisumu, na sitamwona tena.

Kisha ikaja. "Uuuwi!" Sijawahi kuisikia hiyo, na nimesikia nyingi. Akaingia mbio langoni, leso imedondoka, mikono kichwani, akilia na kumwita mwanawe, jina la kanisani na la nyumbani na lile dogo tulilompa kwa sababu ya kupenda mkate. Yeye ambaye hakuwahi kutaja jina la mtoto wa mtu nje ya boma lake. Akapita uwanja wote, akaanguka mlangoni pangu, nami nikashuka kitini na goti langu nikaenda pale chini nikamshika, kama anavyoshikwa mfiwa.

Wanafunzi walidhani ni somo. Wakainuka wote, kama walivyofundishwa, wakakimbia mpaka langoni, wakaanza kulia, mmoja baada ya mwingine wakiingia, mbuzi na kuku na kila sauti, wakimwita mtoto yule yule kwa jina walilokuwa wamelisikia sasa hivi. Yule mdogo aliyeniuliza ndiye peke yake aliyebaki kwenye kiti, karatasi magotini.

Majirani wakatoka mbio katika mashamba, majembe mikononi, wakauliza kwa kelele nani amekufa.

Nikawaambia. Wakaweka majembe chini, wakaketi.